Muadhini Hataki Kuvuka

Jumapili, 21 Mfunguo Mosi

Baba Tofiki, wewe ni mjinga, na ukizinduka nitakwambia hivyo hivyo mbele ya daktari. Mtu mzima, umesoma dini, sauti yako ndiyo inayowaamsha watu wa Mkwiro, halafu unaficha kitu ndani ya kikoi mpaka kinataka kukutoa roho. Nakufulia, nakupikia, nalala ubavuni mwako, na kila nikikuuliza mbona unakwenda upande kama kaa, jibu lako ni moja, ni busha tu. Haya, liko wapi hilo busha lako leo?

Naandika nimekaa kwenye benchi nje ya thieta, hospitali, huku ng'ambo ya bara. Daftari ni la Salwa mjukuu wangu, limebaki kurasa nyingi nyeupe kwa sababu hesabu haipendi. Mimi nimesoma Kurani chuoni na ngumbaru kidogo, basi, lakini kuandika naandika, na leo nisipoandika nitampiga mtu.

Ilianza Ijumaa. Aliadhini adhuhuri vizuri. Kabla ya kuanza akakohoa kwenye kipaza sauti kikohozi chake kile, ambacho miaka yote namwambia akiache, kisiwa kizima kinamsikia akisafisha koo. Akarudi nyumbani, samaki hakumgusa. Alasiri akaanza kutapika. Wazee wenzake wakaja barazani kumtazama, kila mmoja na busha lake ndani ya kikoi na kila mmoja daktari. Wakasema limeshikwa na baridi ya mvua, likipata joto litalala. Wakamkanda kwa mchanga moto uliofungwa kitambaani. Kwetu mabusha si habari. Mbu wa matende wametufanyia kazi hiyo tangu enzi za babu zetu, wanaume wanaishi nayo na wanazikwa nayo, na hakuna anayeuliza. Jumamosi akawa anatapika maji ya kijani na tumbo limeumuka, na bado ananiambia nimwache, litalala. Leo asubuhi hakuweza kuniambia kitu. Ndipo nilipoacha kumsikiliza kila mtu.

Mwanangu Tofiki akaleta boti, tukamvusha mpaka Shimoni mvua inatupiga, tukapata gari. Daktari anaitwa Dzombo, kijana, ndevu hazijamtimia, anasema kwa sauti ya chini. Akafunua, akabonyeza kidogo tu, mume wangu akalia kama mtoto mchanga. Akaniuliza anatapika tangu lini. Nikamwambia tangu juzi. Akasema, "Mama, hili silo busha. Busha ni maji, linamlemea mtu lakini halimwui. Hii ni ngiri. Utumbo umeteremka ukaingia humu, ukabanwa mlangoni, na damu haiufikii tena. Tunavyozungumza hapa unakufa."

Nikamwambia basi kata, unangoja nini. Akasema thieta ni moja, na mtu wa nusukaputi ni mmoja, naye yumo ndani na mama mjamzito ambaye mtoto amemkwama. Siwezi kugombana na hilo. Walimtia mpira wa puani, yakatoka maji machafu nisiyotaka kuyaeleza, wakamtundikia dripu, wakamchoma sindano. Damu ya aina yake haikuwepo hospitali, Tofiki akatoa yake. Alipokuwa akingoja kutolewa nilimwona amekaa kwenye benchi kwa tako moja, mguu mmoja ameutupa pembeni. Niliona. Sikuwa na nafasi ya kuuliza.

Sasa hivi mtoto amelia humo ndani. Mama ametolewa. Ameingizwa yeye.

Jumatatu, 22

Yu hai.

Daktari alitoka, akanionyesha kwa mkono wake, kutoka kiganjani mpaka kiwikoni, utumbo alioukata. Mweusi, amesema, hauna faida tena. Nikadhani ameziunga ncha na kazi imekwisha. Akasema hakuziunga. "Tumbo lake limechafuka na mwili umeishiwa, mama. Nikishona leo mshono utaachia, na ukiachia utamwua. Nimeitoa ncha nje hapa ubavuni, choo kitapitia hapo kiingie kwenye mfuko. Akipata nguvu, miezi miwili mitatu, nitamfungua tena niurudishe ndani."

Nimemwuliza mara mbili choo kitapitia wapi. Alinijibu mara mbili, hakukasirika. Mtoto wa watu.

Jumanne, 23

Alinitazama. Maneno yote ya Jumapili nilikuwa nimeyapanga, nikayasahau.

Alhamisi, 25

Kitanda cha pili kuna Chome, mchuuzi wa mbuzi kutoka Samburu, kule njia ya malori. Yeye utumbo ulijisokota wenyewe kama kamba ya kisima, akakaa nao njiani kutwa, naye akawekewa mfuko. Lakini huyo hana haya hata chembe. Wageni wakija anafunua shuka. Jana alituambia, "Mifuko yangu yote tangu nizaliwe ilikuwa mitupu. Huu ndio wa kwanza kujaa wenyewe." Wodi nzima ikacheka, wengine wameshika mishono yao. Akamgeukia mume wangu, "Muadhini, siyo?" Mume wangu akageukia ukutani.

Na jambo jingine. Muuguzi Mbodze akija kubadilisha ule mfuko, mume wangu ananiambia nitoke. Mbodze ambaye hata mamake hakuwa ameolewa mimi nilipoingia nyumba hii, yeye anaona. Mimi nasimama kwenye ujia nahesabu vigae.

Jumapili, 28

Mvua. Amekunywa uji.

Jumamosi, 5 Mfunguo Pili

Tumeruhusiwa kurudi nyumbani, na nyumbani nimerudi peke yangu.

Nilikuwa nimemshonea kanzu mpya ya kushukia botini. Mbodze ametufundisha maji ya chumvi na sukari, kwamba choo kikitokea juu hivi kinamkausha mtu, asiache kunywa. Tumefika Shimoni, Tofiki ameshika boti, watu wameshampisha. Akasimama gatini. Akatazama kisiwa. Siku hiyo mawingu yalikuwa yamefunguka na Mkwiro inaonekana mpaka mnara wa msikiti. Akageuka, akaenda kukaa juu ya gunia la mkaa la mtu.

Nikamfuata. Akasema, "Sivuki na uchafu huu ubavuni. Nitakaa kwa Tumu. Nikizibwa tundu hili nitakuja."

Tumu ni dada yake, wifi yangu, nyumba yake iko hapo hapo Shimoni nyuma ya soko la samaki. Sikupiga kelele, watu walikuwepo. Nilimwuliza kwa sauti ya chini nani aliyewafundisha wazee wanaotokwa na mkojo bila kujizuia kwamba wana udhuru, watawadhe kila wakati wa sala uingiapo na wasali na sala yao ni sahihi. Ni wewe. Ulikaa nao barazani ukawafundisha, nilikuwa napika nasikia. Hukumu hiyo ni ya watu wengine, wewe hukupewa?

Alinipa kofia yake nikamfulie.

Jumatatu, 7

Mwero ndiye anayeadhini. Ni kijana mzuri, aliyeoa kwetu, sina neno naye. Lakini anaanza moja kwa moja, bila onyo. Nashtuka kila mara.

Ijumaa, 11

Mvua kubwa. Jabia la kukingia maji limejaa mpaka ukingoni, maji yanamwagika. Kisiwani hatuna kisima cha maji matamu, mvua ndiyo mama yetu, na jabia likijaa yeye ndiye wa kwanza kwenda kulitazama, anarudi amenyeshewa, anasema, "Mwaka huu hatunywi chumvi." Leo nimekwenda mimi. Nikasimama. Sikujua nimwambie nani.

Jumapili, 13

Viatu vyake nilikuwa nimeviweka mlangoni vinatazama nje. Nimevigeuza vitazame ndani. Salwa kaniona, kaniuliza, "Nyanya, unafanya nini?" Nimemwambia afagie.

Alhamisi, 24

Nimempigia simu, Tumu ndiye aliyepokea. Amekula, amelala, amekunywa maji yake. Kila kitu amesema Tumu. Nikamwambia basi mpe mwenyewe. Nikamsikia akisema kwa mbali, mwambie sijambo.

Sijambo. Mimi nimeolewa na huyu mtu, si mgeni wa njiani.

Jumapili, 5 Mfunguo Tatu

Nimevuka, bahari imechafuka, nimefika nguo zote zimelowa. Mifuko ya hospitali imekwisha. Mbodze amemwambia Tumu watumie chochote kisichovuja, na mifuko ya plastiki serikali ilishaipiga marufuku, basi mume wangu anafungiwa karatasi ya nailoni ya mkate kwa mpira. Ngozi imemwungua pale pembeni. Najua kwa sababu Tumu amenieleza jikoni, si kwamba yeye ameniambia. Nilipoingia chumbani alikuwa amejifunika mpaka kidevuni, na joto lile.

Alinuka sabuni. Tumu amemwogesha kwa sabuni mpaka amekwisha harufu yake. Miaka yote hii anarudi msikitini ananuka udi na kahawa ya barazani, sasa ananuka kama nguo zilizoanuliwa.

Nimechukua kikoi chake kilichochakaa, nimerudi nacho.

Jumanne, 7

Nimeshona mkanda wa kushikilia mfuko wake, kwa kile kikoi. Nashona kofia za vito, zile za kudarizi, tangu nikiwa mwari, mkanda hautanishinda. Una mfuko wa kitambaa ubavuni, kamba mbili nyuma, na pete niliyoizungushia pamba ili isimchubue. Nimeshona miwili, mmoja wa kuvaa na mmoja wa kufua. Tofiki amepeleka. Nilimtazama Tofiki akishuka ngazi za gati. Anashuka kwa upande. Nimemwuliza una nini, akasema alijigonga na boti. Boti gani hiyo ya kumgonga mtu tangu Idi hadi Idi.

Ijumaa, 10. Idi

Nimepika. Watu wamekula. Takbiri ameongoza Mwero, sauti ikampanda juu sana katikati, watoto wakacheka, nikawafinya.

Tumu amepiga simu, amesema mkanda unamkaa vizuri. Nikamwuliza yeye amesema nini. Amesema hakusema kitu, lakini alikwenda mpaka mlangoni akakaa kibarazani jioni yote, siku ya kwanza tangu atoke hospitali.

Jumatano, 22

Maji ya bamvua. Nimepata pweza wawili.

Jumatano, 13 Mfunguo Nne

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuzibwa. Tulifika hospitali na mapambazuko, ana njaa, kanzu safi, ametulia kuliko nilivyomwona tangu masika kuanza. Tukakaa kwenye benchi, benchi lile lile. Daktari Dzombo akaja mwenyewe, hakumtuma mtu, akachuchumaa mbele yetu. Mtu wa nusukaputi amefiwa, amekwenda kwao, na aliyeombwa kutoka hospitali nyingine hakuja. Wa dharura watapelekwa mbali. Sisi si dharura tena. Tumepewa Jumatano ya pili baada ya hii.

Nilikuwa na maneno. Daktari macho yake yalikuwa mekundu, hajalala huyo. Nikayameza.

Njia nzima mume wangu alitazama dirishani. Tulipofika Shimoni nikamwambia, vuka nami. Tutarudi siku ikifika. Akasema, "Nilishauaga ule mfuko leo. Nilishauaga." Akaingia kwa Tumu.

Ijumaa, 15

Maalim wa msikiti alipita, nikamwuliza ili asije mtu akasema mke amejitungia. Amesema yale yale. Mtu wa udhuru anatawadha wakati ukiingia na anasali, hata msikitini, akijifunga vizuri asiuchafue. Kuadhini je? Akasema mbona hilo ni jepesi zaidi. Akasema, "Na mumeo anayajua haya kuliko mimi, Bi mkubwa."

Anayajua. Ndiyo maana naumwa.

Jumatano, 27

Tumu, Tumu, Tumu. Sitaki kuandika jina lako lakini kalamu inaandika.

Waliambiwa asile tangu usiku. Waliambiwa asinywe. Mbodze aliwaandikia, akawasomea, akawaambia tena kwa simu. Wifi yangu akaamka alfajiri akakanda unga, akamchomea kaka yake mahamri na chai ya maziwa, akamlisha matatu, kwa sababu, ati, mtu hapelekwi kwenye kisu na tumbo tupu, mama yao asingekubali. Na yeye akala. Mzee mzima, hawezi kumkatalia dada yake.

Nimewakuta getini, amejipangusa midomo lakini sukari iko kwenye ndevu. Mtu wa nusukaputi alikuwepo leo. Thieta ilikuwa tupu. Dawa zimeshavutwa kwenye sindano. Akamwuliza amekula nini na lini, mume wangu hasemi uongo, akamwambia. Basi. Mtu wa nusukaputi akatueleza kwamba mtu akilazwa kwa dawa na chakula tumboni kinarudi juu kikaingia kwenye mapafu, akafa pale pale hajakatwa. Jumatano nyingine zote zimejaa mpaka tarehe 26 ya mwezi ujao.

Tumu alilia benchini. Nilitaka kumtukana, nikakaa karibu naye. Ana miguu imevimba, kutwa anasimama kwa ajili ya mume wangu. Nikamwambia, "Wifi yangu, mahamri yako ni mazuri, na ndiyo yatakayomwua." Akacheka ndani ya kilio. Sasa siwezi hata kumchukia vizuri.

Jumamosi, 1 Mfunguo Tano

Mvua zimekatika. Jabia limeanza kushuka, limeacha mstari ukutani.

Jumanne, 4

Mwero sasa amejifunza. Kabla ya kuadhini anagonga kipaza sauti kwa kidole. Mtoto mwema. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa kwenye kinu.

Jumapili, 9

Mbodze amenipigia simu. Chome wa Samburu amefariki.

Alizibwa wiki mbili zilizopita. Alikuwa na nguvu, alikuwa ameshaanza kuuza mbuzi na mfuko wake ndani ya shati, hakumficha mtu, kila mtu mnadani alimwita Mfuko Umejaa naye akiitika. Akazibwa, akala, akaenda nyumbani. Mshono ukaachia kwa ndani. Akadhani ni gesi. Barabara ni ndefu. Alipofikishwa tumbo lilikuwa gumu kama meza, Daktari Dzombo akamfungua tena, na hakuamka.

Mbodze alikuwa akilia. Aliniambia nisimwambie mume wangu kabla ya tarehe 26, atavunjika moyo. Nimemwambia mume wangu si mtoto. Kisha nikakaa na simu mkononi na sikumpigia.

Jumatano, 12

Tumepikia hitima ya jirani. Nimekata vitunguu, hakuna aliyeniuliza machozi ya nini.

Nikifikiri ya Chome nafikiri yule mtu alivyofunua shuka. Alikwenda kwao na mfuko wake, akakaa na mkewe, akauza mbuzi, akatukanwa na akatukana. Alipokufa alikuwa ameshaishi tangu masika. Wangu yuko nyuma ya soko la samaki, anangoja kwanza azibwe ndipo aishi.

Kesho navuka.

Alhamisi, 13

Naandika kwa Tumu, Tumu amekwenda sokoni, mume wangu yuko uani anatawadha. Niandike kabla sijasahau mpangilio wake.

Nilimkuta kibarazani. Alikuwa anajua. Mke wa Chome ndiye aliyempigia, walipeana namba wodini.

Akasema, "Chome alikuwa ananizidi afya. Alikuwa anabeba mbuzi begani."

"Nimesikia."

"Nikifa kule, nitakuwa sijarudi nyumbani."

"Basi rudi kwanza, ufe baadaye. Nani amekuzuia?"

Akaweka mkono ubavuni, juu ya mkanda wangu. Nikainuka, nikaingia chumbani, nikamwita. Akaja. Nikafunga mlango na komeo. Nikamwambia, nionyeshe.

Alisimama. Akasema mambo mengine, taa haitoshi, Tumu atarudi. Nikamwambia mimi nimezaa mbele ya mamako na dadako, umenizikia watoto wawili, umeniosha mgongo nilipovunjika mkono. Sina kwangu kitu usichokijua. Wewe umenifungia mlango tangu Mfunguo Mosi, na mimi sikuolewa na tumbo lako.

Akafungua kamba. Nikamwacha afungue mwenyewe.

Ni kitu chekundu kimelowa, kidogo, hakizidi kidole gumba, kimechomoza ubavuni. Kinajikunja chenyewe polepole kama koa aliyeachwa na maji. Pembeni ngozi imepona, nyeupe kidogo. Nimekitazama mpaka nikatosheka.

"Hiki?"

"Hiki."

"Hiki ndicho kilichokufanya unikimbie?"

"Kinanuka, Mama Tofiki."

"Miaka yote hii nakuja ndani na pweza wa kuanika, nanuka mimi, yananuka mashuka, inanuka dari. Ulinihamisha nyumba?"

Akacheka. Akashika ubavu kwa sababu kucheka kunamwuma, akaendelea kucheka, na katikati ya kucheka akalia, sikumtazama hapo, nilikuwa nafunga kamba za mkanda. Nimezifunga mimi. Tumu alikuwa anazikaza sana.

Akaniuliza jabia limeshuka kiasi gani. Nikamwambia aje alitazame mwenyewe.

Anarudi. Nasikia hatua zake.

Ijumaa, 14

Tulivuka baada ya sala ya Ijumaa ili gati liwe na watu wachache. Haikusaidia, walikuwa wamejaa, Salwa amewaambia. Hakuna aliyemtazama ubavuni, wote walikuwa wanatazama juu kama watu wanaohesabu ndege, mpaka nikataka kuwacheka. Mwero akamshika mkono akamwambia, "Maalim wangu," wakaondoka pamoja. Sikuuliza wanakwenda wapi.

Nilikuwa jikoni, napara samaki. Alasiri ikaingia. Kipaza sauti kikalia ule mlio wake. Nikangoja kidole cha Mwero.

Akakohoa.

Kisu kilinianguka. Sauti yake imekuwa nyembamba, na pale katikati alipumzika mahali ambapo haipumzikwi, nikashika pumzi naye, kisha akaendelea. Nilijipangusa uso kwa mkono wenye magamba, magamba yakanibaki shavuni, mpaka usiku Salwa anayabandua anacheka. Sikumwambia akiache kile kikohozi. Sitamwambia tena.

Jumatano, 19

Analala upande wake. Naamka nasikiliza anapumua, kisha nalala.

Jumatatu, 24 Mfunguo Tano

Kesho tunakwenda. Daktari Dzombo amesema safari hii alazwe siku moja kabla, chini ya macho ya Mbodze, na Jumatano awe wa kwanza kuingia. Amesema ya Chome yanaweza kumpata mtu yeyote, hakunificha. Amesema akimaliza hatamruhusu arudi kisiwani mpaka ahakikishe mshono umeshika, na tumbo likimwuma hata kidogo tusiseme gesi. Mume wangu ameadhini sala zote za leo. Jioni alitaka kuniusia mambo, funguo ziko wapi, mbuzi yupi ni wa nani. Nimemwambia anyamaze, anijazie ndoo. Akanijazia. Akaja akasimama nyuma yangu muda mrefu, mkono wake begani kwangu.

Naogopa. Nimeliandika, limekwisha.

Sasa wewe Tofiki. Nakuandikia humu kwa sababu nikikukabili uso kwa uso unakimbilia botini. Tangu ile siku ya kutoa damu nakutazama. Unakaa kwa tako moja. Unashuka gati kwa upande. Jana ulilala barazani chali, ukajibonyeza, kitu kikarudi ndani, ukainuka kama hakuna aliyeona. Niliona mimi. Busha halirudi ndani, mwanangu. Babako alikuwa akijibonyeza hivyo hivyo.

Kesho boti ya kwanza, usukani ni wako, na tukifika Shimoni hufungi kamba ukageuka. Unakuja nasi mpaka kwa Dzombo, unavua hicho kikoi, unalala kitandani, unamwonyesha. Kama ni busha, akwambie yeye. Kama ni ngiri, akushone ungali unacheka. Salwa, msomee haya sasa hivi kabla hajainuka barazani, na ukimaliza mpigie Tumu simu, mwambie asikande unga.